Bia Kali ya Waingereza: Shayiri Yake Inakwenda Wapi?

Kijana mmoja wa hapa Mombasa aliyerudi kutoka masomoni Liverpool alituletea swali barazani. Mzee aliyempangisha chumba huko alikuwa akipika bia jikoni mwake, na kila alipomkaribisha kijana akakataa, humwambia, "Mbona waiogopa? Hii ni shayiri na maji tu. Ni chakula kama mkate." Kijana anaijua dini yake, hakuonja. Lakini neno lile lilimkaa moyoni, kwani hakuwa na jibu ila kusema ni haramu.

Basi na tulitazame neno hilo, maana Waingereza wenyewe walilibishania zamani, tena hadharani.

Kupika pombe nyumbani ni jambo la kale kwao, na kwa karne nyingi lilikuwa kazi ya wanawake. Serikali ilipobadili ushuru wa bia mwaka 1880, wapishi wa nyumbani walianza kutakiwa leseni. Mwaka 1963 Waziri wa Fedha, Reginald Maudling, aliifuta, na tangu hapo mtu hupika apendavyo maadamu hauzi.

Mapishi yenyewe ni haya. Shayiri hulowekwa ikachipua, kisha hukaushwa kwa moto, ikawa kimea. Kimea husagwa kidogo, kikatiwa katika maji ya moto ya nyuzi 65 hivi, kikaachwa kwa muda wa saa moja. Hapo wanga hugeuka sukari. Maji hayo matamu huchujwa, huchemshwa na maua ya hopsi yatiayo uchungu, hupozwa, ndipo yakatiwa hamira. Mgema wetu hana haja ya taabu yote hiyo. Tembo la mnazi huanza kuchacha lingali kibuyuni juu ya mti.

Kwa bia kali, ile waiitayo mvinyo wa shayiri ingawa haina hata tone la zabibu, kimea huwa kingi na maji machache. Zamani maji ya kwanza, yaliyo mazito, ndiyo yaliyofanyiwa bia kali. Machicha yakamwagiwa maji tena, ikatoka bia nyepesi ya watumishi na watoto. Naam, watoto. Bia ya kawaida ya vilabu vya Uingereza ina kileo kama asilimia 4; hii hufika 8 hata 12, na huwekwa miezi, pengine miaka. Katika majumba ya makabaila ilikuwako desturi ya kupika pipa siku mrithi azaliwapo, lisifunguliwe mpaka atimize miaka 21. Huonjwa kwa gilasi ndogo, ikinuswa kwanza, na wenyewe husema ina ladha ya zabibu kavu, tende na sukari iliyoungua. Hayo ya ladha nayasema kwa kusikia tu.

Sasa hicho chakula ki wapi? Machicha, ambayo ndiyo yaliyobaki na sehemu kubwa ya protini ya nafaka, hupewa ng'ombe na nguruwe. Sukari nayo huliwa na hamira: karibu nusu ya uzito wa ile iliyochachuka hupaa ikawa hewa, ndiyo yale mapovu, na nusu iliyosalia huwa kileo. Kiasi kisichochachuka hubaki, na ndicho kinachoipa bia kali uzito na utamu wake. Kwa hiyo yule mzee hakusema uongo mtupu. Lakini aliyetaka mkate angeoka mkate.

Maneno kama hayo aliyasema Joseph Livesey, muuza jibini wa Preston, mji wa viwanda vya pamba huko kaskazini, ambaye ujanani alikuwa mfumaji. Mwaka 1830 sheria mpya ilirahisisha mno leseni za kuuza bia, na nyumba za bia zikazuka kila kona. Vibarua walikunywa mshahara wao wakiamini wanajitia nguvu za kazi, na nyumbani watoto wakalala njaa. Mwaka 1832 Livesey na wenzake sita walitia sahihi ahadi ya kuacha vileo vyote, bia ikiwamo. Kisha akazunguka na hotuba yake juu ya kimea. Mbele ya watu aliipika bia, akaukusanya mvuke wake ukawa maji tena, akayatia moto yakawaka. Wafanya kazi waliona kwa macho yao walichokuwa wakikiita chakula.

Kwetu sisi swali lilikwisha karne 12 kabla yake. Abu Musa al-Ash'ari, alipotumwa Yemen, alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya vinywaji vya huko, kimoja cha asali na kimoja cha shayiri. Jibu halikutazama nafaka wala nguvu zake, lilitazama kulevya. Livesey, Mkristo, alifika karibu na hapo kwa njia ya mizani na moto.

Kutoka Preston hadi Liverpool si mbali. Huko Liverpool ndiko alikozaliwa wakili William Henry Quilliam, akalelewa na jamaa wa Kimethodisti waliopinga pombe. Alisilimu baada ya safari ya Moroko ya mwaka 1887, akaitwa Abdullah, na mwaka 1889 akafungua msikiti katika nyumba ya Brougham Terrace. Nyumba hiyo imefufuliwa na husaliwa hata leo. Kijana wetu amesali humo Ijumaa nyingi, wala hakujua kwamba mwenye kuifungua alikwisha kulelewa mbali na bia kabla hajaijua kibla.