Je, "Catching Fire" Inafikia Riwaya Iliyoitangulia? (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliona jinsi Suzanne Collins, katika "The Hunger Games" ya mwaka 2008, alivyoijenga nchi ya Panem: mji mkuu wa anasa uitwao Capitol, na wilaya 12 zinazolazimishwa kila mwaka kutoa mvulana na msichana wakauane uwanjani mbele ya kamera. Mwaka uliofuata ikatoka "Catching Fire". Wapo wanaoiita marudio, kwa kuwa Katniss Everdeen, msichana aliyeshinda katika kitabu cha kwanza, anarudishwa tena uwanjani. Lakini uwanja huo haufikiwi mpaka theluthi mbili za kitabu zimekwisha, na uzito wa riwaya umo katika kurasa hizo za kabla ya uwanja. Kitabu cha kwanza kiliuliza msichana maskini atatokaje hai. Hiki kinauliza uhai aliotoka nao ni mali ya nani. Rais Snow anamfuata nyumbani kwake na kumwamuru aendelee kuigiza mapenzi na Peeta, mshindi mwenzake, maana yale matunda ya sumu waliyotishia kuyala pamoja mwishoni mwa kitabu cha kwanza yameonekana wilayani kuwa ni uasi. Katika Wilaya ya 11, kwao marehemu Rue, mshirika wa Katniss katika mashindano yaliyopita, mzee mmoja anapiga mluzi wa binti huyo, umati unatoa ishara ya heshima, na mzee anauawa kwa risasi papo hapo. Hapa Collins anaufahamu udhalimu kwa undani kuliko mwanzo: mtawala wa mabavu hatosheki na utii, anadai pia mtu aonekane akiufurahia.

Hata marudio yenyewe yana hoja. Kila baada ya miaka 25 mashindano huwa na sharti la pekee, na katika mashindano ya 75 washiriki wanatolewa miongoni mwa washindi wa zamani, watu waliokwisha kuahidiwa amani ya maisha. Katniss asingerudishwa uwanjani, tusingejua kwamba ahadi ya Capitol haina thamani hata kwa aliyeshinda. Tena waliomo sasa wanajuana. Usiku wa mahojiano wote 24 wanashikana mikono jukwaani, jambo lisilowazika katika kitabu cha kwanza.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba Katniss anafichwa njama ya waasi ya kumwokoa, kisha Haymitch, mlezi wake, na Plutarch, msimamizi mkuu wa mashindano, wanamweleza yote katika kurasa chache za mwisho. Kufichwa kwake nakutetea, kwa sababu kunadhihirisha kwamba hata waasi wanamtumia bila kumuuliza. Haraka ya kumalizia siwezi kuitetea. Kuangamizwa kwa Wilaya ya 12 kunatajwa na rafiki yake Gale mwishoni kabisa, na msomaji anaachwa akingojea kitabu cha tatu, ilhali cha kwanza kilisimama chenyewe. Kwa muundo, basi, "The Hunger Games" imekamilika zaidi. Kwa fikra, "Catching Fire" imeipita, na mwalimu anayetaka kujadili siasa na vijana aanze na hiki cha pili. Sehemu ijayo itachambua "Mockingjay" ya mwaka 2010.