Mabingwa wa udongo ulioganda

Mwaka 1828, mjini Yakutsk huko Siberia, wakala wa biashara aitwaye Fyodor Shergin alianza kuchimbisha kisima. Haja yake ilikuwa maji tu. Watu wake walichimba hadi 1837, wakafika mita 116, na huko chini bado udongo ulikuwa umeganda kama jiwe. Maji hawakuyapata. Kwangu mimi hii ndiyo rekodi tamu kuliko zote za nchi hizo za baridi, maana kisima kilichoshindwa kazi yake kiliwafaa wanasayansi: katika miaka ya 1840 Alexander von Middendorff alipima humo joto la ardhi, kina baada ya kina. Maskini Shergin hakujua kwamba hapo Yakutsk mgando unapita mita 200. Kaskazini zaidi, kwenye mabonde ya mito Lena na Yana, unakaribia mita 1,500, na hakuna pengine duniani panapojulikana kuupita.

Yakutsk yenyewe, yenye wakazi zaidi ya 300,000, ndiyo mji mkubwa kuliko yote iliyojengwa juu ya ardhi ya namna hii. Majengo yamenyanyuliwa kwa nguzo ili upepo wa baridi upite chini ya sakafu. Joto la nyumba likigusa ardhi, ardhi hulainika na nyumba ikazama.

Kwa wanyama, bingwa wangu ni kindi wa Aktiki. Akilala usingizi wake wa miezi saba au minane, joto la mwili wake hushuka hadi nyuzi 2.9 chini ya sifuri, na damu haigandi. Hakuna mamalia mwingine aliyepimwa akiwa baridi hivyo. Jamaa zake wa kale waliweka akiba ya matunda kando ya mto Kolyma. Baada ya miaka kama 32,000, Warusi wakaotesha mimea kutokana na matunda hayo na ikachanua. Habari hiyo ilitangazwa 2012. Mnyoo mdogo wa eneo hilohilo ameipita mimea hiyo: aliganda miaka 46,000, akayeyushwa, akazaa bila dume.

Ndege naye hakai. Oktoba 2022 kinda mmoja wa jamii ya vitwitwi wakubwa aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560 kwa siku 11, bila kutua. Vitwitwi wengine wa tundra ya Siberia huja kwetu, hadi matope ya Mida Creek, pwani ya Kenya.

Tukirudi Siberia, mji wa Verkhoyansk umewahi kushuka hadi nyuzi 67.8 chini ya sifuri, mwaka 1892. Tarehe 20 Juni 2020 ulipanda hadi nyuzi 38, joto la juu kabisa kuthibitishwa ndani ya duara la Aktiki. Katika wilaya ya mji huo lipo Batagay, poromoko kubwa kuliko yote yaliyotokana na ardhi kuyeyuka, lenye upana wa karibu kilomita moja. Lilianza msitu ulipokatwa, na kila kiangazi kingo zake humeguka tena, kwa hiyo rekodi hiyo inavunjwa na poromoko lenyewe.