Kupanda Huchosha, Kushuka Huumiza

Mtazame kijana wa Upareni akiteremka mbio njia ya mlimani: pumzi imetulia, hatua ndefu, uso hauna dalili ya kuchoka. Mwalimu wa michezo hufurahi, na kesho yake humpa mteremko mwingine. Hapo ndipo tunapowaharibu vijana.

Mtu anapopanda, msuli wa mbele ya paja hujikunja ukisukuma mwili juu, na moyo na mapafu hulalamika mapema. Anaposhuka, msuli uleule huwa breki: unarefuka huku umebeba uzito wote wa mwili. Nyuzi zake ndogo huchanika. Maumivu yake hukomaa siku ya pili au ya tatu, kwa hiyo aliyeteremka Jumatatu akicheka, Jumatano anashuka ngazi kinyumenyume. Huyo si mvivu. Na msuli hujifunza: mteremko mfupi wa leo huukinga kwa wiki kadhaa zijazo.

Mkimbiaji hodari huyajua haya kwa mwili wake. Akigeuka kocha, lazima ayajue kwa maneno. Namfikiria Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita, mshindi wa pili wa mita 5,000 kwenye michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Medali yake na ile ya Filbert Bayi, ya michezo hiyohiyo, ndizo pekee Tanzania ilizowahi kupata kwenye Olimpiki. Akisoma El Paso, Texas, alitwaa ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani wa mita 10,000 miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Marathoni ya Berlin akaishinda 1987 na 1988. Kisha akaenda kufundisha Brunei, nchi ya joto na unyevu, kwa wanafunzi wasio na miguu yake. Kasi aliyokuwa akiihisi tu, sasa ilibidi aigeuze kuwa sekunde, mizunguko na siku za kupumzika. Kwangu mimi hiyo ni kazi ngumu kuliko medali.

Sisi wa Same, huku Upareni, tuna uwanja wa kujifunzia kazi hiyo. Mji uko chini ya mita 900. Kilele cha Shengena, kwenye milima yetu, kiko mita 2,462. Wiki mbili za mwanzo, kijana apande mbio na ashuke akitembea. Halafu mpe mteremko mfupi, uandike tarehe daftarini. Siku mbili baadaye, kabla ya kupuliza filimbi, mwambie achuchumae. Akitafuta ukuta wa kushika, siku hiyo mteremko hakuna.