Rekodi za Sumu, Rekodi za Usafi
Sumu iliyotuchosha kuliko zote kuiondoa ni madini ya risasi kwenye petroli. Najua wengi wataanza na mionzi au mafuta yaliyomwagika baharini. Risasi haikulipuka popote; ilitoka kwenye ekzosi kidogokidogo na kudhoofisha akili za watoto. Wamarekani walianza kuitia miaka ya 1920 ili injini isigonge.

Aliyekuja kuifichua alikuwa akishughulika na jambo jingine kabisa. Clair Patterson, mwanakemia wa Marekani, alitaka kupima umri wa dunia kwa kuhesabu risasi iliyomo kwenye mawe, lakini kila kipimo kiliharibiwa na risasi ya nje: hewani, mezani, hata kwenye vyombo vyake. Akasugua kila kitu, akaosha vyombo kwa asidi, akajenga maabara isiyoingiza vumbi. Mwaka 1956 alitoa jibu lake, miaka bilioni 4.55. Kisha akawageukia wenye petroli na kupambana nao kwa miaka mingi. Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli yenye risasi mwanzoni mwa 2006, na Algeria, nchi ya mwisho duniani, Julai 2021. Karibu karne nzima!

Kwa maafa ya usiku mmoja, hakuna kiwanda kilichoifikia Bhopal, India. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, takriban tani 40 za gesi ya sumu zilivuja kwenye kiwanda cha viuatilifu na kuwafikia watu zaidi ya 500,000 wakiwa wamelala. Maelfu walikufa.

Miongoni mwa uchafu uliozama chini kabisa ni mfuko wa plastiki ulioonekana kwenye Mfereji wa Mariana, karibu mita 10,900 chini ya bahari.

Kwenye kuipiga marufuku mifuko ya plastiki Zanzibar iliwahi mapema, 2006, na Rwanda 2008. Sheria ya Kenya ya Agosti 2017 ndiyo iliyosifika kwa ukali kuliko zote: faini hadi shilingi milioni 4 au kifungo hadi miaka 4. Nami naiunga mkono. Na mafundi wa Lamu wakaunda Flipflopi, jahazi la kwanza duniani la plastiki iliyorejelezwa, mbavu zake zimefunikwa kwa kandambili zilizookotwa ufukweni. Januari 2019 lilitweka tanga na kaskazi, likipita bandari kwa bandari hadi Unguja.