Kipi Kitangulie Ndani ya Linux

Anunuaye kompyuta mpya aghalabu huikuta imekwisha kutiwa programu asizoziomba, wala hamjui aliyeamua kwamba hizo ziwemo na nyingine ziachwe nje. Lakini katika Linux, mfumo ambao kiini chake kilianzwa na Linus Torvalds mjini Helsinki mwaka 1991 kisha kikaachiwa walimwengu wakiendeleze kwa ushirika, shauri hilo hukatwa hadharani, baada ya majadiliano marefu na pengine kwa kura, na mimi naliona kuwa ni shauri kubwa, kwa kuwa wanaochagua cha kutanguliza huwachagulia watu wengi mno wasiokuwapo barazani.

Kiini peke yake hakimfai mtu wa kawaida, kama vile injini isivyomvusha mtu bahari pasipo chombo. Ndiyo sababu ikazuka mikusanyo, ambamo kiini huunganishwa na programu za kuandikia, za kusomea barua, za kutazamia picha na kadhalika. Mashuhuri miongoni mwake ni Debian, iliyoasisiwa na Ian Murdock mwaka 1993, na Ubuntu, iliyochipuka kutoka Debian na kutolewa mara ya kwanza Oktoba 2004 kwa gharama za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ambayo jina lake Mswahili hahitaji kutafsiriwa, kwani ni utu wetu huu huu. Toleo la 12 la Debian lina vifurushi vya programu zaidi ya 64,000, na kila mtu ana ruhusa ya kuchukua humo akitakacho bila malipo; suala ni vipi apewe kabla hajajua la kuomba.

Katika miaka yake ya mwanzo Ubuntu iliamua kwamba mfumo mzima utoshe katika sidii moja, yaani kiasi cha megabaiti 700, na sidii hizo zilipelekwa kwa posta pande zote za dunia, bila ada, hadi mwaka 2011. Udogo huo wa nafasi uliwafundisha wahusika adabu ya kupima. Kila kazi ilipewa programu moja tu, na kila programu ilitazamwa pamoja na aila yake, kwa maana kifurushi kimoja hutegemea vingine, na hivyo vingine hutegemea vingine tena, hata kijiprogramu cha kuandikia kumbukumbu kama Tomboy kikaja kimefuatana na mtambo mzima wa Mono uliokiwezesha kufanya kazi. Na toleo la 12.04 lilipotoka mwaka 2012, Tomboy ilikuwa imekwisha kuondolewa katika sidii, na Mono ikashuka pamoja nayo.

Kabla ya hapo, katika toleo la 10.04 la mwaka 2010, ilikuwa imeshushwa GIMP, programu ya kurekebisha picha ambayo wengi waliihesabu kuwa ni fahari ya programu huria. Hoja ilikuwa kwamba hiyo ni zana ya mafundi, kwamba inakula nafasi, na kwamba mtu wa kawaida hutaka tu kuikata picha pembeni au kuondoa wekundu wa macho, kazi ambazo programu ya kupangia picha ilizimudu. Na anayeihitaji GIMP ataipakua mwenyewe. Hoja hiyo ina uzito, na siwezi kuwalaumu waliokata shauri. Lakini neno hilo “ataipakua” halina uzito mmoja kila mahali: kwa mwenye intaneti usiku na mchana ni kazi ya dakika chache, na kwa anayenunua bando la siku, akihesabu kila megabaiti, ni gharama inayoweza kumfanya aghairi. Kwa huyo wa pili, kilichomo ndani ya sidii ndicho kilichopo duniani.

Hata lugha zilipimwa kwa mizani hiyo. Ndani ya sidii zilipakiwa kamili lugha chache tu, na tafsiri za nyingine zikaachwa zifuatwe kwa intaneti. Huko Dar es Salaam, mwaka 2004 huo huo Ubuntu ilipozaliwa, mradi uliohusisha Chuo Kikuu ulikuwa umekwisha kuitafsiri kwa Kiswahili OpenOffice, programu ya kazi za ofisi, na kuiita Jambo OpenOffice. Kwa hiyo maneno yalikuwapo, na lililobaki ni nani atayapa nafasi.

Debian hupanga vifurushi vyake kwa daraja: vya lazima, vilivyo muhimu, vya kawaida na vya hiari, na kipimo cha daraja ya pili kimenivutia sana, kwa kuwa kimejengwa juu ya mshangao wa binadamu. Ikiwa mtu mzoefu wa mifumo ya jamii hii, akikosa kitu fulani, atashtuka na kuuliza kimekwenda wapi, basi kitu hicho ni muhimu. Ipo pia programu inayohesabu vifurushi vitumikavyo na kupeleka hesabu hiyo kwa Debian, kwa ridhaa ya mwenye kompyuta. Ila haiwahesabu wasioridhia, wala wasio na intaneti, na hao pengine ndio wenye haja kubwa kuliko wote ya kutangulizwa kitu kilicho sahihi.

Lililonishika zaidi ni la mwaka 2014. Debian ilikuwa imebadili sura ya skrini inayomtangulizia mtu, ikaiacha GNOME na kuichukua Xfce iliyo nyepesi zaidi. Kisha, toleo la 8 likiandaliwa, mambo yakapimwa upya, na miongoni mwa yaliyoirudisha GNOME ilikuwa kwamba Xfce haijaifikia katika kuwahudumia walemavu, na hasa wasioona. Wepesi ulikuwa na maslahi kwa wengi, na wasioona ni wachache. Hata hivyo mwenye macho akipewa asichokipenda aweza kubadili, ilhali asiyeona, akipewa skrini isiyosema, hawezi hata kupafikia pa kubadilia. Ndiyo maana sidii ya Debian, inapoanza, hutoa mlio mfupi kumjulisha asiyeona kwamba iko tayari. Naye hubonyeza herufi “s”, kisha kitufe cha kuingiza, na kompyuta ikaanza kumsomea kila hatua kwa sauti.