KUPOKEA MALIPO YA KADI KATIKA BIASHARA NDOGO YA MTANDAONI

Mtahiniwa, tuchukulie unaishi Ngamiani, jijini Tanga, nawe unauza mikoba ya mkonge kupitia mtandao. Mteja wa Muheza au Pangani atakulipa kwa simu. M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008 na leo kulipa kwa simu ni jambo la kila siku. Lakini mteja aliyeko Muscat au London huenda hana laini ya Tanzania. Alichonacho ni kadi yenye nembo ya Visa au Mastercard. Usipoweza kuipokea, atanunua kwa mwingine.

Kosa la watahiniwa wengi ni kudhani kwamba ujumbe wa "malipo yamekubaliwa" maana yake fedha iko mkononi. Sivyo. Fuatilia safari yake.

1. Aina za kadi

Kadi ya mkopo humwezesha mteja kununua kwa fedha za benki, kisha kuilipa benki baadaye. Akichelewa, hutozwa riba. Kadi ya kawaida ya benki hukata fedha zilizomo kwenye akaunti yake. Usichanganye hizi mbili katika jibu lako.

2. Safari ya malipo

(a) Mteja hujaza namba ya kadi, tarehe ya mwisho wa matumizi na tarakimu za usalama zilizo kwenye kadi.
(b) Kampuni ya kupokea malipo, uliyoingia nayo mkataba, hupeleka ombi kwa benki inayokupokelea fedha.
(c) Ombi hupita kwenye mtandao wa kadi hadi benki iliyompa mteja kadi.
(d) Benki hiyo hukagua na kujibu: ndiyo au hapana. Mara nyingi humtumia mteja namba ya siri ya kutumia mara moja ili kuthibitisha.
(e) Fedha huingia kwenye akaunti yako baadaye, kwa siku zilizotajwa katika mkataba, baada ya ada kukatwa.

Nchini Tanzania, Benki Kuu ndiyo hutoa leseni na kusimamia watoa huduma hawa, chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015. Kabla ya kusaini mkataba, hakikisha kampuni ina leseni.

3. Gharama

Mfano: Mkoba unauzwa shilingi 60,000. Gharama ya kuutengeneza na kuufunga ni 48,000. Tuchukulie ada ya kadi ni asilimia 3.5, na mteja analipia usafirishaji mwenyewe.

Ada = 60,000 × 3.5 ÷ 100 = 2,100
Unachopokea = 60,000 − 2,100 = 57,900
Faida = 57,900 − 48,000 = 9,900

Bila ada, faida ingekuwa 12,000. Ukitaka ibaki hiyo, usiongeze 2,100 tu kwenye bei, kwa kuwa ada hukatwa kwenye bei mpya. Gawanya hivi: 60,000 ÷ 0.965 = 62,176 takriban. Bei ya 62,200 inatosha.

4. Malipo yanapopingwa

Mwenye kadi anaweza kuiambia benki yake: "Sikununua mimi," au "Mzigo haukufika." Benki ikikubaliana naye, fedha hurudishwa kwake kutoka kwako, hata kama mkoba umeshaondoka Tanga.

Turudi kwenye bei ya 60,000. Ikiwa mkoba umepotea na ada hairudishwi, hasara ni 48,000 + 2,100 = 50,100. Kwa faida ya 9,900 kwa kila mkoba, mitano italeta 49,500, haitoshi. Utalazimika kuuza mikoba sita ili kufidia mmoja. Kwa biashara ya mtaji mdogo, hilo linaweza kufunga duka.

Kinga yako ni ushahidi: oda ya mteja, risiti ya kusafirisha, namba ya kufuatilia mzigo na mawasiliano yenu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa oda ni kubwa kuliko kawaida, mteja anaharakisha, na anwani haieleweki, mpigie kwanza.

5. Usalama wa taarifa

Usimwombe mteja akutumie picha ya kadi, wala usiandike namba zake kwenye daftari au simu yako. Mwache ajaze mwenyewe kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na anayekusanya taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda.

Angalizo la mtihani: Ukiulizwa "eleza", kutaja hoja pekee hakutoshi. Taja hoja, ifafanue, kisha toa mfano.

JIPIME

1. Tofautisha kadi ya mkopo na kadi ya kawaida ya benki.
2. Eleza hatua tano za malipo ya kadi mtandaoni.
3. Muuzaji wa viungo wa Amani anauza pakiti kwa shilingi 25,000. Gharama ni 19,000 na ada ya kadi ni asilimia 4.
(a) Kokotoa faida kwa pakiti moja.
(b) Malipo ya pakiti moja yamepingwa, pakiti imepotea na ada haikurudishwa. Auze pakiti ngapi kufidia hasara?

Majibu ya swali la 3: (a) 5,000, (b) pakiti 4.