Je, Wajua? Kilomita 146 Bila Kona

Juni hadi Agosti, kipupwe kikitupuliza huku kwetu, kusini mwa Australia nako ni majira ya baridi. Ndio msimu wa wenye magari ya kulala, yenye kitanda na jiko la gesi ndani, kuvuka uwanda wa Nullarbor. Jina hilo limetokana na Kilatini: hakuna mti.

Kati ya Balladonia na Caiguna barabara imenyooka kilomita 146.6 bila kona hata moja. Kazi ya dereva ni kupigana na usingizi. Vipande vingine vya lami vimechorwa alama za uwanja wa ndege, ili ndege ya madaktari itue papo hapo barabarani kumchukua mgonjwa.

Saa nazo zina vituko: kijiji cha Eucla, kilicho njiani humo, kiko dakika 45 mbele ya jiji la Perth. Na ukiingia Australia Magharibi, wakaguzi wa mpakani hukupekua hadi friji. Machungwa unayaacha, hata asali.

Yote husameheka ukifika pwani ya Head of Bight. Unasimama juu ya jabali, koti hadi shingoni, na chini yako nyangumi na ndama wake wanapumua taratibu.